Mwaka wa Bunduki Juu ya Meko

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo watu wa kwetu huanzia wanaponizungumzia hadi leo, ingawa siku hizi wanalisema wakicheka na kunisogezea kiti. Walisema mtoto aliyeshindwa na hesabu za shule ya msingi hawezi kumaliza chuo cha ufundi Kitale. Nilimaliza, na diploma yangu ya ufundi wa mitambo imetundikwa ukutani mwa karakana yangu mahali ambapo mteja huiona kabla hajaniona mimi. Walisema sitapanda ndege. Nilipanda, nikakaa jangwani miaka mingi nikitunza silaha za walinzi, nikarudi na mashine za kukereza chuma ambazo hakuna fundi mwingine Kitale anazo. Sijisifu, nasema yaliyopo. Lakini neno lililonichoma kuliko yote lilitoka kwa Mzee Kundu, fundi wa baiskeli wa soko la Kamukuywa, siku niliyotangaza mbele ya watu kwamba joto na baridi huweza kuibadilisha bunduki mpaka ipige mahali ambapo haikulengwa, na kwamba mimi nitalithibitisha. Mzee Kundu aliacha spoku alizokuwa akizinyoosha, akanitazama kuanzia viatuni. “Kijana,” akasema, “hata ukipewa diproma kumi, chuma ni chuma. Ati bunduki inasikia baridi? Kwani hiyo ni ng'ombe? Unataka kuturetea mambo ya redio hapa.” Soko lote lilicheka. Na hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza kweli, kwa sababu kilichokuwa mezani hakikuwa jina langu. Kilikuwa shingo ya Wekesa.

Wekesa tumemzika juma lililopita. Tulitahiriwa pamoja mimi na yeye, asubuhi moja, tukiwa tumepakwa matope ya mto mmoja, na kwetu mtu wa namna hiyo ni bakoki wako: huwezi kumkana hata akikosa. Mwongoza shughuli aliniita niseme neno. Aliwaambia waombolezaji kwamba mimi ndiye msomi aliyemwokoa marehemu wakati dunia nzima ilikuwa imemgeuka, na watu wakapiga makofi, jambo ambalo si la kawaida mazishini. Nikasimama na suti yangu ya kijivu. Nikaeleza jinsi Wekesa alivyocheza mpira bila viatu, jinsi alivyocheka kwa mabega, nikaketi. Upande wa akina mama, chini ya hema, alikuwepo Nasimiyu, ambaye mumewe aliuawa kwa risasi ya Wekesa. Alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye jeneza. Tangu siku ile silali vizuri, na mke wangu ameniambia niandike, labda nikiandika nitaacha kusaga meno.

Mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya maduka ya Kitale, kwa mama mmoja Mkikuyu aliyeuza viazi kwa gunia, nami nilikuwa fundi wa mashine za kusaga za watu wengine. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na mlango wa mbao uliokuwa adui yangu. Mvua ikinyesha, mlango ulivimba ukakataa kufungika. Kiangazi kikija, ulinyauka mpaka nikawa naona miguu ya wapita njia kupitia ufa. Mama mwenye nyumba aliniambia, “Wewe si fundi? Zoeana nao.” Ilikuwa wakati wa ufa, jua kali la kabla ya kupanda, dereva wa lori la mahindi alipoegesha mbele ya karakana na kunipa habari bila hata kushuka. “Bakoki yako ameua mtu. Khaemba. Jirani yake kabisa.”

Wekesa alikuwa askari wa akiba, yaani raia aliyepewa bunduki na serikali ili alinde kijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kijeshi, ya zamani, mtutu wake umeshikwa na mbao tangu kitako hadi karibu na mdomo. Nilimkuta jikoni kwa mama yake, polisi wakiwa wamemhoji na kumwachilia kwa dhamana, bunduki ikiwa imechukuliwa Bungoma. Mama yake alituwekea ugali wa wimbi na mrenda. Hakukuwa na kuku, na katika nyumba ya Kibukusu mgeni akikosa kuku ujue kuna msiba au kuna aibu. Wekesa hakula. Aliniambia huku akitazama majivu: “Wezi walikuwa wanaswaga ng'ombe wanapita kichuguu. Jua la saa sita, bana. Nilikuwa nimepiga nyingi juu, kuwatisha, mpaka mtutu ukaniunguza kidole. Hii ya mwisho nikalenga kichuguu. Kichuguu chenyewe, bakoki. Khaemba alikuwa anatokea kwa katani, hatua tatu hivi, mkono wa kulia. Nikaona ameanguka.” Nje, nyuma ya ukuta wa udongo, wanawake waliokuja kusaidia kuchota maji walikuwa wakinong'ona, wakidhani ukuta hausikii. “Hatua tatu! Mtu anakosa kichuguu kubwa kama nyumba, anapata jirani?” “Na si juzi walikuwa wanagombania mpaka?” “Nyamaza, mama yake ako hapo ndani.” Mama yake aliendelea kusonga ugali ambao hakuna aliyeuhitaji.

Mpaka ule ulikuwa mstari wa katani kati ya shamba la Wekesa na la Khaemba, na ni kweli kwamba msimu uliotangulia walikuwa wametukanana juu yake hadi chifu akaitwa. Kwa hiyo kila mtu alijua swali ni lipi. Ikiwa risasi ilipotea, ilikuwa ajali, na nyumba mbili zingechinja kondoo, zingetakaswa na kuendelea kuchota maji kisima kimoja. Ikiwa Wekesa alimlenga Khaemba, basi ni kifungo cha maisha au kitanzi, na watoto wa nyumba zile wasingekula chungu kimoja hadi vitukuu. Niliinua macho nisimtazame usoni, nikaona kichanja juu ya meko, fito zimeng'aa kwa masizi, na mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yake, mawili mawili. Kati ya mbegu palikuwa na nafasi ndefu, tupu. Nikauliza bunduki ilikuwa ikikaa wapi. “Hapo,” mama yake akajibu kwa niaba ya Wekesa. “Mimi ndiye nilimwambia. Chini ya kitanda inashika kutu, na mwizi anaangalia chini ya kitanda kwanza. Hapo juu hata mbegu haziharibiki.” Nilisikia maneno yale na sikuyaelewa. Nilikuwa na haraka ya kuwaza juu ya mtutu uliomchoma kidole.

Nilikwenda Bungoma kwa Inspekta Mwikali, mwanamke mrefu aliyekuwa akishughulikia kesi, ambaye ofisi yake ilinuka mafuta ya bunduki na maganda ya machungwa. “Wewe ni wakili?” akaniuliza. “Hapana, afande. Nina diploma.” “Ya nini?” “Ufundi wa mitambo.” Akamenya chungwa lake mpaka mwisho. “Basi ongea kama mtambo, kifupi.” Nikamweleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka, kwamba mtutu uliopiga risasi nyingi juani hauko sawa na mtutu wa alfajiri, na kwamba haki haiwezi kutendeka bila kuijaribu silaha yenyewe katika joto lile lile. Nilizungumza vizuri, nilikuwa nimejifunza maneno yangu njiani. Akakubali, labda kwa sababu hata yeye swali lilikuwa likimsumbua. Jaribio lilifanywa kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Askari mwenye shabaha aliegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga gunia lililochorwa, asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha adhuhuri baada ya kuupasha mtutu kwa risasi nyingine. Umbali ulikuwa ule wa siku ya tukio. Tulipoenda kupima, risasi za adhuhuri zilikuwa zimesogea vidole viwili. Vidole viwili tu. Mzee Kundu, aliyekuwa amepanda baiskeli yake toka Kamukuywa kuja kushuhudia nikiaibika, alinyoosha vidole viwili hewani akavionyesha watu wote, na njia nzima ya kurudi watu wakawa wananisalimia kwa vidole viwili. Wekesa alibaki nyuma. Alikuwa akitazama gunia.

Mvua za masika zilinikuta Kitale, nimeshindwa na mlango. Nilikuwa nimeusukuma kwa bega, umekwama katikati, mimi nusu ndani nusu nje, maji yanaingia mgongoni, ndipo nikaelewa. Sikuhitaji kuwaza juu ya chuma peke yake. Nilihitaji kuwaza juu ya mbao zilizokishika. Bunduki ile ilikuwa imekaa misimu kadhaa juu ya moto pamoja na mbegu, ikikauka upande wa chini, ikanyauka na kupinda kama mlango wangu, na mbao iliyopinda huusukuma mtutu. Kisha polisi waliichukua wakaiweka kwenye ghala la saruji lenye unyevu, wakaipaka mafuta, nayo ikanywa maji na kunyooka tena. Tulikuwa tumeihoji ikiwa imeshabadilika. Hakuna mtaalamu wa mjini angeligundua hilo, kwa sababu hakuna mtaalamu wa mjini aliyekulia jikoni ambamo mbegu hukaushwa. Nasema hili bila aibu: hiyo ndiyo fikra bora niliyowahi kuwa nayo, na nilikuwa nayo nikiwa nimebanwa mlangoni.

“Unataka nirudishe silaha ya serikali jikoni?” Inspekta Mwikali aliniuliza. “Ndiyo, afande. Ikae mpaka ikauke kama ilivyokuwa. Na askari wa kuilinda.” Alicheka kwa mara ya kwanza. Lakini alituma konstebo, kijana mnene wa pwani aliyeitwa Salim, na kwa majuma kadhaa yule kijana aliketi kwenye kigoda chini ya kichanja, bunduki bila risasi ikiwa imelala kati ya mahindi, yeye machozi yakimtoka kwa moshi. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi. Mama Wekesa alimlisha kana kwamba amemzaa. “Mama, mnaharakisha kesi hii kwa nini?” Salim alikuwa akisema, mdomo umejaa ndizi. “Kwetu hakuna mtu alinipikia hivi tangu nivae magwanda.” “Kula,” mama alijibu, “wewe umekonda sana.” Kila mtu alicheka isipokuwa Wekesa, ambaye alikaa ng'ambo ya meko akiielekea bunduki. Mbao ilipokuwa ikikauka ililia mara moja moja, mlio mdogo kama kijiti kikivunjika. Kila ilipolia, Wekesa aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Mlio ule ninao mpaka leo. Ninalala kwenye nyumba ya mawe niliyojijengea, yenye madirisha ya chuma na milango ya chuma, hakuna ubao hata mmoja juu ya kichwa changu, na bado nausikia.

Jaribio la pili lilijaza machimbo. Watu walikuja toka Kamukuywa kwa boda boda, wengine kwa miguu, akina mama na watoto mgongoni. Nasimiyu naye alikuja, akaketi juu ya jiwe karibu kabisa na gunia la shabaha, hadi askari wakamwomba asogee. Risasi ya kwanza ya asubuhi, mtutu ukiwa baridi, ilitua kulia kwa shibiri nzima. Adhuhuri, baada ya mtutu kupashwa moto, zikaenda kulia zaidi, upande ule ule aliokuwa amesimama Khaemba. Nilipima mwenyewe, Inspekta akiniangalia, kisha nikageuka nikatangaza kwa sauti ambayo sikujua ninayo: “Imehama! Imehama kulia shibiri moja na nusu!” Sijui kama kuna aliyesikia zaidi ya neno la kwanza. Vigelegele vilipasuka. Watu wakaimba “Imehama! Imehama!” wakaninyanyua juu, na nilipokuwa kule juu ya mabega nilimwona Mzee Kundu amevua kofia. “Nimekubari,” akasema. “Kweri nimekubari, mwarimu.” Akaniita mwalimu. Inspekta Mwikali alifunga uchunguzi: silaha haikuweza kutegemewa kwenye joto, risasi ilikuwa ya bahati mbaya. Kondoo akachinjwa, nyumba mbili zikatakaswa.

Alasiri ile kwa Mama Wekesa palikuwa na kuku, wengi, na ugali mrefu wa kupandwa kwa ngazi. Nami, shujaa, niliwekewa firigisi, heshima ya mwanamume. Niliweka mkono mezani ili nianze kula, vidole vikatanuka vyenyewe: shibiri. Nikaongeza nusu. Nikatazama. Haikufika hata ukingo wa sinia. Nilitoka nikaenda shambani, nikasimama penye kichuguu, nikatembea hadi penye katani, mahali alipoangukia Khaemba. Hatua tatu, kama Wekesa alivyosema mwenyewe. Bunduki ilikuwa imesema ukweli wake wote, na ukweli wake ulikuwa shibiri moja na nusu. Nafasi iliyobaki, ile ndefu, haikuwa ya mbao wala ya chuma. Nilipogeuka Wekesa alikuwa nyuma yangu, ana kipande cha ugali mkononi. “Bakoki,” nikasema, “hii haifiki.” Alikitafuna kipande kile polepole. “Wewe uliuliza bunduki,” akasema, “ikakujibu. Mimi hukuniuliza.” Nikamwambia, basi nakuuliza sasa. Akatazama jua lilipofika, akaenda kufungua ng'ombe.

Sikukaa sana baada ya hapo. Kampuni moja ilikuwa ikitafuta mafundi wa silaha kwa kazi ya jangwani, na sifa ya machimbo ilinitangulia. Nauli sikuwa nayo, lakini nilikuwa na jina, na watu walikopesha jina lile kila walichokuwa nacho: magunia ya mahindi, fahali, hata Mzee Kundu alitoa baiskeli nzima ikauzwe. Mkopo mkubwa kuliko yote ulitoka mahali ambapo sikuthubutu kuomba. Nasimiyu alinipitishia mtamba wake mweusi, akisema ananipa kwa kuwa nilisema ukweli. Niliondoka nimevimba kifua. Na kule jangwani, ambako chuma kikiachwa juani huwezi kukigusa, nilijaribu bunduki za kila aina, za mbao na za plastiki, zikiwa zimetoka kwenye chumba cha ubaridi, zikiwa zimekaa juani kutwa. Waajiri wangu walidhani ni bidii, wakanipandisha cheo. Nilikuwa natafuta silaha moja tu, hata iliyoharibika vipi, ambayo joto lingeweza kuipeleka hatua tatu kwa umbali ule. Sikuipata.

Niliporudi, nililipa wote siku moja. Nilikodi pikapu, nikazunguka nyumba kwa nyumba, suti imepigwa pasi, na kila mlango niliofika niliambiwa, “Walisema hutaweza, ona sasa!” Mzee Kundu alipata baiskeli mpya akaizunguka mara mbili bila kuigusa. Kwa Nasimiyu nilifika mwisho, na mtamba wa gredi, wa kizazi cha maziwa mengi, mzuri kuliko yule. Alimkagua meno na kiwele, akamfunga mlangoni, akaniingiza ndani. Alikuwa amezeeka mikono kuliko uso. “Mayi,” nikasema, kama tunavyomwita mama kwetu, “kuna neno nimelibeba.” Akainua mkono. “Wanjala, ile siku kwa machimbo, ulisema shibiri ngapi?”

“Moja na nusu.”

“Nilisikia vizuri basi. Watu walikuwa wanapiga kelele.” Alichochea chai. “Zile hatua tatu mimi nilizipima kabla nyinyi mjue bunduki ilikaa wapi. Nilizipima na miguu yangu, matanga hayajaisha.”

“Na hukusema?”

“Niseme anyongwe, kisha? Kitanzi kitanilimia shamba? Nilikuwa na watoto wanne, Wanjala.”

“Lakini ulinipa mtamba. Ulisema ni kwa sababu nilisema ukweli.”

“Ulisema. Na ulikuwa unazunguka hapa kila siku unapima meza za watu na mkono. Siku moja ungelisema tena, mahali kuna watu wanasikia. Nilitaka uende mbali.”

Alinielekeza mlangoni kwa kidevu. Shambani kwake, karibu na mstari wa katani, mwanamume alikuwa akilima kwa ng'ombe, mgongo umepinda, bila mtu wa kumwongozea. Nilimtambua kwa mabega. “Kila msimu,” Nasimiyu akasema. “Analima yangu kwanza, ndio anaenda yake. Sijawahi kumwomba, na hajawahi kuniambia kwa nini.” Akamimina vikombe viwili, akanipa vyote. “Kimoja chako. Hicho kingine mpelekee, kabla hakijapoa.”

Nilikipeleka mwenyewe, viatu vyangu vya jangwani vikizama kwenye udongo mbichi. Wekesa alisimamisha ng'ombe, akapokea kikombe kwa mikono miwili bila kuuliza kimetoka kwa nani, akanywa akiwa amesimama. Alimtazama yule mtamba mpya aliyefungwa mlangoni.

“Wamesema umelipa watu wote leo,” akasema.

“Wote.”

Akanirudishia kikombe, akashika jembe. “Una bahati, bakoki,” akasema. “Mimi bado nalima.”